Mkonge na Ile Sehemu Iliyomwagwa

Mwaka 1893, Dakta Richard Hindorf, bwana shamba wa Kijerumani, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ambayo, baada ya kuvuka bahari hadi Hamburg na kushuka tena hadi Tanga, ilibaki 62 tu yenye uhai. Na kutokana na hiyo michache, iliyopandwa Kikogwe karibu na Pangani, yakaenea mashamba ambayo katika miaka ya 1960 yaliifanya Tanganyika kuwa ya kwanza duniani kwa wingi wa singa, yaani nyuzi za mkonge. Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi. Kipo cha pili ambacho aghalabu hufichwa, labda kwa kuwa kinanuka.

Jani la mkonge likipimwa kwa mizani, singa zake hazizidi fungu 4 au 5 katika 100. Manamba, vibarua wa mashamba hayo, waliyakata majani, wakayafunga, yakabebwa hadi korona, mashine ya magurudumu yenye visu butu iliyoyaponda na kuyakwangua nyama huku maji yakimiminika bila kukoma. Singa zikatokea upande wa pili, nyeupe na ndefu, tayari kuanikwa, ilhali chini yake ulitiririka uji wa kijani, mkali wa kuwasha ngozi, ukashika njia ya mtaroni, na mtaro ukashika njia ya bondeni au mtoni. Daftari za mashamba ziliandika uzito wa singa kwa uangalifu mkubwa, lakini uji ule, ambao ndio uliokuwa sehemu kubwa ya mavuno, haukupewa hata safu yake.

Hata hivyo mtaroni kulikuwa na kazi ikiendelea. Walioupita kwa kuziba pua waliona mapovu yakipanda na kupasuka mojamoja: hayo yalikuwa pumzi za vijidudu wasioonekana kwa jicho, ambao baadhi yao huugeuza utamu wa nyama ya jani kuwa siki, na wengine, wasiostahimili hewa hata kidogo, huila siki hiyo na kutoa methani, gesi iwakayo. Makundi haya mawili yanategemeana kama mpishi na mlaji. Mpishi akimzidi mlaji kasi, siki hujaa, na hapo mlaji hufa na gesi hukoma. Ndiyo maana mtambo wa kuivuna gesi hiyo huanzishwa kwa samadi ya ng'ombe, ambayo imekwisha kuwa na vijidudu hao kwa wingi, kisha hulishwa kwa kiasi, bila pupa.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliyachunguza mabaki ya mkonge kwa miaka mingi, na mnamo 2007, kwa msaada wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda na wafadhili wengine, shamba la Hale, wilayani Korogwe, likapata mtambo wa kuyavundika mabaki hayo na kuzalisha umeme, wa kilowati 150. Kiasi hicho ni kidogo, sikatai, hasa ukikumbuka kwamba Hale hiyo hiyo ina mitambo ya maji ya Mto Pangani yenye megawati 21. Lakini maji yale hayakuwahi kuwa uchafu wa mtu, ilhali uji wa korona uliogharimiwa jasho tangu shambani ulikuwa ukimwagwa. Kwa mtambo huo, kilichosalia baada ya gesi kutoka kilirudi shambani kuwa mbolea, nao umeme uliisaidia korona kuzunguka, ikikwangua majani mengine.