Neno "Kutoka" katika Historia ya Mtaji: Kilembe, Kasese na Bwera

Katika msamiati wa mifuko inayonunua hisa za kampuni zinazokua barani Afrika, neno zito si kuingia bali kutoka: hisa hununuliwa, kampuni hukuzwa kwa miaka kadhaa, kisha hisa huuzwa kwa faida. Simulizi ya mifuko hiyo mara nyingi huanzia mwaka 2004, Actis ilipotengwa na CDC ya Uingereza. Makala haya yanaurudisha mwanzo huo nyuma kwa takribani nusu karne, hadi Kilembe, bonde lililo juu ya mji wa Kasese.

CDC, iliyoundwa mwaka 1948 kuwekeza katika makoloni, ilikuwa mbia katika mgodi wa Kilembe pamoja na wawekezaji wa Kanada wakiongozwa na Frobisher, na Shirika la Maendeleo la Uganda. Uzalishaji wa shaba ulianza mwaka 1956, mwaka uleule reli kutoka Kampala ilipofika Kasese. Makinikia yalipelekwa Jinja kuyeyushwa kwa umeme wa Owen Falls, na shaba ikasafirishwa hadi Mombasa. Katika miaka ya 1960 shaba ilikuwa zao la tatu la Uganda nchi za nje, baada ya kahawa na pamba. Kwa mizani yoyote ya mwekezaji, hiyo ilikuwa kampuni inayokua.

Reli, hata hivyo, haikuvuka Kasese. Bwera, iliyo karibu na mpaka wa Mpondwe, iliendelea kutegemea barabara, kahawa na biashara na Kongo. Ni katika vilima vya Bukonzo, si mgodini, ambako ulizuka mtaji wa namna nyingine: Bukonzo Joint, ushirika wa Kyarumba uliojengwa kwa akiba za wakulima wa kahawa wenyewe.

Uzalishaji wa Kilembe ulikoma mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wabia wa nje walitoka, kila mmoja kwa wakati wake, mabaki hayakutoka. Rundo la pairiti yenye kobalti lilisalia Kasese, na mvua ikaosha asidi na metali kuelekea Hifadhi ya Queen Elizabeth na Ziwa George. Kuanzia mwaka 1999 Kasese Cobalt ililigeuza rundo hilo kuwa malighafi, ikitumia bakteria kutenga kobalti. Kwa hiyo uchafu wa mwekezaji wa kwanza ulikuwa mtaji wa wa pili, jambo ambalo halionekani katika hesabu inayofungwa siku hisa zinapouzwa. Mshauri wa sera anayeipokea hesabu hiyo jinsi ilivyo anakosea tarehe.

Rundo lilipokwisha, Kasese Cobalt nayo ilisimamisha kazi. Mei 2013, na tena Mei 2020, mto Nyamwamba ulifurika, ukabomoa makazi ya Kilembe na kusomba visusu vilivyolundikwa kandokando yake tangu enzi za shaba.