Kazi, Meza na Darasa: Maisha ya Wanafunzi katika Chuo cha Berea, Kentucky

Vyuo vidogo vya binafsi vya elimu huria nchini Marekani, yaani vyuo vinavyomtaka mwanafunzi asome lugha, historia, falsafa, hisabati na sayansi badala ya kufungwa mapema katika fani moja, vimekuwa tangu zamani na desturi ya kuwaweka wanafunzi bwenini, ambako kula, kusali na kucheza pamoja huhesabiwa kuwa sehemu ya masomo. Kwa miaka mingi desturi hiyo ilikuwa ya watoto wa wenye uwezo, kwa kuwa kijana aliyekaa chuoni miaka minne bila kipato alihitaji mzazi wa kumlipia. Chuo cha Berea, kilichoko katika jimbo la Kentucky pale ambapo nyanda za malisho hukutana na vilima vya Appalachia, kiliichukua desturi hiyo na kuwafungulia watu wa aina mbili waliokuwa wamefungiwa nje yake, nao ni watu weusi waliotoka utumwani na weupe maskini wa milimani. Kwa sababu hiyo, jambo dogo kama nani anaketi na nani darasani lilifika hadi katika Mahakama ya Juu ya nchi.

Mwanzilishi wake, mchungaji John Gregg Fee, alizaliwa Kentucky mwaka 1816 katika familia iliyomiliki watumwa, akaja kuamini kwamba Mungu aliwaumba wanadamu wote kwa damu moja na kwamba utumwa ulikuwa dhambi. Kwa msaada wa Cassius Clay, mwanasiasa mwenye ardhi aliyempa kiwanja katika kaunti ya Madison, Fee alijenga makazi aliyoyapa jina la mji unaotajwa katika Biblia, na mwaka 1855 shule ya chumba kimoja ikaanza. Desemba 1859, miezi miwili baada ya John Brown kushambulia ghala la silaha la Harpers Ferry kwa nia ya kuwakomboa watumwa, genge la watu wenye silaha liliwafukuza Fee na wenzake kutoka Kentucky. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe alifanya kazi miongoni mwa askari weusi na familia zao katika kambi ya Camp Nelson, na vita vilipokwisha aliwaalika baadhi yao waje Berea.

Mwaka 1866 watoto weusi wa kwanza walipoingia darasani, takriban nusu ya wanafunzi weupe walisimama wakaondoka. Walimu hawakutetereka, na katika mwaka wa masomo wa 1866-67 orodha ya shule ilikuwa na majina 187, kati yake 96 ya wanafunzi weusi na 91 ya weupe. Inafaa kueleza kwamba taasisi za wakati huo zilizoitwa vyuo mara nyingi zilibeba ndani yake madarasa ya msingi na ya sekondari, kwa hiyo wengi wa hao 187 walikuwa wakijifunza kusoma na kuhesabu, na shahada za kwanza za Berea zilitolewa mwaka 1873 tu, chini ya rais wa kwanza wa chuo, Edward Henry Fairchild.

Uwiano huo wa nusu kwa nusu, au karibu yake, ulidumu zaidi ya miaka ishirini katika jimbo lililokuwa na utumwa hadi mwaka 1865, na hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika historia ya Berea. Wanafunzi waliketi pamoja darasani, kanisani na mezani; mwaka 1872 wadhamini, yaani baraza linalosimamia mali na sera za chuo, walipitisha azimio ambalo halikuzuia uchumba baina ya mweusi na mweupe, ingawa lilishauri tahadhari. Vyuo vingine vichache vya kaskazini viliwapokea watu weusi, lakini kwa kuwahesabu vidoleni.

Hali ilibadilika baada ya William Goodell Frost kushika urais mwaka 1892. Frost aliigeuza Berea iwatazame zaidi watu weupe wa milima ya Appalachia, ambao umaskini wao aliutangaza kwa wafadhili wa kaskazini kwa ufasaha mwingi, na katika zama zake chuo kiliacha kuwatoza wanafunzi ada ya masomo. Idadi ya weupe ilipanda haraka kiasi kwamba kufikia mwanzo wa karne ya 20 weusi walikuwa chini ya robo ya wanafunzi, na wahitimu weusi walilalamika waziwazi kuwa chuo chao kilikuwa kikiwapa kisogo. Walikuwa na haki ya kulalamika: maskini wa milimani walistahili shule, lakini hakuna kilicholazimu nafasi yao ipatikane kwa kumsogeza pembeni mwana wa mtumwa. Miongoni mwa wanafunzi weusi wa miaka hiyo ya mwisho alikuwamo Carter G. Woodson, aliyehitimu mwaka 1903 na baadaye akawa baba wa taaluma ya historia ya Wamarekani weusi.

Mwaka 1904 mwakilishi Carl Day alipeleka katika bunge la Kentucky muswada uliokataza shule yoyote kuwafundisha weusi na weupe pamoja. Sheria hiyo iliweka faini ya dola 1,000 kwa taasisi na kwa mwalimu, na faini ya dola 50 kwa siku kwa mwanafunzi mwenyewe, fedha ambazo kijana wa milimani au wa shamba la tumbaku asingeweza hata kuzishika mkononi. Berea, shule pekee ya namna hiyo jimboni, ilitozwa faini ikakata rufaa. Mwaka 1908 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba, kwa kuwa chuo ni shirika lililoundwa kwa hati ya jimbo, jimbo lina mamlaka ya kuibadili hati hiyo. Jaji John Marshall Harlan, naye mzaliwa wa Kentucky, alipinga, akihoji kama kwa hoja hiyo serikali isingeweza pia kuwazuia watu wa rangi mbili kuketi pamoja katika shule ya Jumapili. Chuo kiliwalipia wanafunzi weusi gharama za kwenda kusoma katika vyuo vya watu weusi kama Fisk, kisha kikachangisha fedha za kujenga Lincoln Institute, shule ya bweni iliyofunguliwa mwaka 1912 karibu na Simpsonville.

Katika Berea iliyobaki kuwa ya weupe, sura ya maisha ya mwanafunzi ikawa kazi. Kazi ilikuwapo tangu mwanzo kama njia ya maskini kujilipia chakula, lakini katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20 ikawa sharti la kila mmoja, hata aliyekuwa na uwezo, ili pasiwepo mwanafunzi wa kuhudumia na mwanafunzi wa kuhudumiwa. Kanisa la chuo, Phelps Stokes Chapel, lililokamilika mwaka 1906 kwa fedha za Olivia Phelps Stokes, lilijengwa kwa mikono ya wanafunzi. Ni familia hiyohiyo ambayo mfuko wake ulituma mwaka 1924 tume iliyozunguka Afrika Mashariki kuchunguza elimu ya Waafrika na kupendekeza mafunzo yaambatane na kazi za mikono. Hoteli ya Boone Tavern, iliyofunguliwa mwaka 1909, ilihudumiwa na wanafunzi, na wengine walifuma, walichonga samani, walikamua ng'ombe au walioka mikate.

Karakana ya mifagio inaonyesha vizuri kazi hiyo ilivyokuwa. Mashada ya mtama wa mifagio, aina ya mtama unaopandwa kwa ajili ya masuke yake marefu, hulowekwa yalainike, kisha mwanafunzi huyafunga kwenye mpini kwa waya uliokazwa, tabaka juu ya tabaka, akalibana shada katika jiliwa mpaka liwe bapa, na kulishona kwa sindano nene na uzi mgumu. Mshono ukilegea, mfagio hufumuka baada ya wiki chache, na msimamizi humrudishia aliyeutengeneza aufungue upya.

Uendeshaji wa chuo kisichotoza ada ulihitaji zaidi ya jasho la wanafunzi. Mwaka 1920 wadhamini waliamua kwamba urithi wowote utakaoachiwa chuo bila masharti uingizwe katika wakfu, yaani mali ambayo mtaji wake hauguswi na faida yake tu ndiyo hutumika, na uamuzi huo ndio uliokiwezesha chuo kuendelea kuwasomesha vijana bila kuwatoza ada.

Sheria ya Day ilipolegezwa mwaka 1950, Berea iliwapokea tena wanafunzi weusi mara moja, na mwaka 1965 kundi la wanafunzi na walimu wake lilikwenda Alabama kuungana na maandamano ya kudai haki ya kupiga kura. Hadi leo kila mwanafunzi hufanya kazi angalau saa kumi kwa wiki na hakuna anayelipa ada. Uwiano wa 1866-67, hata hivyo, haukurejea katika karne yote ya 20.