Maili 138 hadi Mwanza

Oktoba 1967 Rais wa Tanzania alitoka kijijini kwake Butiama akaelekea Mwanza kwa miguu. Mkutano Mkuu wa chama chake, TANU, ulikuwa unamsubiri mjini. Magari ya serikali yalikuwapo, lakini Mwalimu Julius Kambarage Nyerere aliamua kutembea maili 138, kama kilomita 220 hivi, kuliunga mkono Azimio la Arusha, lililokuwa na miezi minane tu tangu litangazwe Februari 5. Vijana walikuwa wamemtangulia. Mwaka huohuo makundi yao yalitembea kutoka mikoani kwenda Dar es Salaam kwa ajili ya Azimio hilo, na mmoja wao, Seth Benjamin, alifia njiani akitokea Arusha. Nadhani Mwalimu, aliyekuwa na umri wa miaka 45, aliona haya kuwapongeza watembeaji naye amekaa kitini.

Anayeijua barabara ya Musoma anaweza kuihesabu safari ile kituo kwa kituo. Unashuka Bunda, unapita Ndabaka ambako Serengeti inakuja karibu kabisa na ziwa, unatokea Lamadi, unaingia Magu, kisha Kisesa, Igoma na Nyakato. Basi la leo linaimaliza kwa saa chache juu ya lami, abiria wakigombea kivuli cha upande wa dirisha. Mwaka ule ilikuwa njia ya vumbi. Mkutano wa Mwanza ukaliunga mkono Azimio, likawa kauli ya wajumbe wa chama kutoka nchi nzima, si ya Halmashauri Kuu iliyokaa Arusha peke yake.

Muulize mwanafunzi wa kidato cha nne wa Nyamagana au Ilemela habari za Azimio. Atakutajia Arusha, atakutajia ujamaa na kujitegemea, na kama alisoma vizuri atakutajia masharti ya uongozi. Muulize Mwalimu alitembea kwa miguu hadi mji gani kuliunga mkono. Sitashangaa akikosa, ingawa jibu ni mji anaoishi.

Si kwamba Mwanza haimkumbuki Mwalimu. Oktoba 14, 2024, ilipotimia miaka 25 tangu afariki katika Hospitali ya St Thomas jijini London, kilele cha mbio za Mwenge wa Uhuru kilifanyika Uwanja wa CCM Kirumba mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, na Wiki ya Vijana Kitaifa ikafanyika viwanja vya Furahisha. Palikuwa na halaiki, hotuba na fulana. Sina ugomvi na halaiki. Mtoto aliyecheza halaiki haisahau siku hiyo. Ila zaidi ya nusu ya Watanzania wamezaliwa baada ya Mwalimu kufariki, na kwao yeye ni picha ukutani, sauti ya kwenye kumbukumbu za redio na siku ya mapumziko. Wamefundishwa kumheshimu kabla ya kufundishwa alifanya nini.

Shuleni mambo yameanza kubadilika. Desemba 2020 Rais John Magufuli aliagiza Historia ya Tanzania iwe somo la lazima, lifundishwe kwa Kiswahili. Katika mtaala mpya uliotokana na mapitio ya 2023 limekuwa Historia ya Tanzania na Maadili. Ulikuwa uamuzi mzuri, na ulitoka kwa mtu wa ziwa hilihili, mzaliwa wa Chato, ambaye sasa naye ameingia kwenye orodha ya marais wa zamani wanaohitaji kufundishwa.   Wasiwasi wangu kuhusu somo jipya unatokana na hilo neno Maadili. Historia ikifungwa pingu na maadili, mwalimu aliyechoka mwenye darasa la watoto tele atafundisha mtu mwema, tarehe zake na nukuu zake, kisha atatunga mtihani.

Kanda ya Ziwa haina sababu ya kufundisha hivyo, maana ushahidi uko mlangoni. Mwisenge, shule aliyoanza Nyerere mwaka 1934 akiwa na miaka 12, iko Musoma na bado inafundisha. Mwitongo, Butiama, liko kaburi lake karibu na makaburi ya wazazi wake, Chifu Nyerere Burito na Mgaya wa Nyang'ombe, na makumbusho yenye jina lake yako hapohapo kijijini. Safari za shule huishia hapo: picha ya pamoja, soda, basi linageuza. Mimi ningeanzia kwingine. Ningeanzia kwenye mizani ya pamba.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkulima wa Usukuma alipeleka pamba yake kwa mfanyabiashara, akapimiwa, akaambiwa ni ratili kadhaa. Hakuwa na namna ya kubisha. Wakulima wakaanza kuweka watu wao wa kusimama kwenye mizani na kuhakiki uzito. Katika manung'uniko hayo Paul Bomani na wenzake walijenga vyama vya wakulima ambavyo mwaka 1955 viliungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, miongoni mwa mashirika makubwa kabisa ya ushirika yaliyoendeshwa na Waafrika wenyewe barani. Kipindi hichohicho serikali ya kikoloni ilikataa kuisajili TANU Usukumani, kuanzia mwishoni mwa 1954 hadi 1958. Chama kikiwa kimefungiwa, siasa ilipita kwenye ushirika na kwa watu wasiokubali kunyamaza kama Bhoke Munanka. Mwaka 1958 watu wa Geita walipokataa baraza la wilaya la mseto wa rangi, walikuja hadi Mwanza kwa maelfu kudai wasikilizwe. Nyerere hakuikuta Kanda ya Ziwa imelala. Aliikuta imekwisha kujipanga, na kijana wa Mwanza akilijua hilo atajua pia kwamba uhuru haukuletwa na mtu mmoja kwa treni kutoka Dar es Salaam.

Mizani ina sura ya pili, nayo ndiyo naiona kubwa kuliko zote. Wakati Mwalimu anatembea kwenda Mwanza, kama theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma na kuandika. Mkulima aliyewekewa mtu wake kwenye mizani bado alitia dole gumba kwenye stakabadhi asiyoweza kuisoma. Mwaka 1968 UNESCO na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa waliweka Mwanza makao ya mradi wa majaribio wa kisomo, uliohudumia mikoa minne: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, Kagera ya leo. Vitabu vyake havikuanza na a, e, i, o, u za watoto. Vilianza na kazi ya msomaji: pamba kwa wakulima wa pamba, migomba kwa watu wa Bukoba, samaki kwa wavuvi, ng'ombe kwa wafugaji. Mama aliyekuja jioni na mtoto mgongoni, mikono bado ina udongo wa shamba, alikutana ubaoni na neno alilokuwa akilifanyia kazi mchana kutwa.

Mkesha wa mwaka mpya, Desemba 31, 1969, Mwalimu akatangaza kwamba 1970 ni Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kisha zikachaguliwa wilaya sita zifute ujinga wa kusoma kabla ya sherehe za miaka kumi ya uhuru, Desemba 9, 1971. Ukerewe ilikuwa mojawapo. Fikiria kisiwa kizima kimepewa tarehe ya mwisho: walimu wa shule za msingi jioni wanafundisha wazazi wa wanafunzi wao, na aliyemaliza darasa la saba anamshika mkono shangazi yake aandike jina. Mwaka 1974 likaanza kuchapishwa Mwanza gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, ili waliojua kusoma wapate cha kusoma wasije wakasahau. Kufikia 1975 wasiojua kusoma nchini walikuwa wameshuka hadi asilimia 39, na katikati ya miaka ya 1980 walikuwa chini ya asilimia 10. Baadaye fedha zilikata na madarasa yakafifia. Hata hivyo, kama kuna mnara wa Nyerere kandokando ya ziwa hili, ni hao wazee wa Nansio na Magu wanaosoma wenyewe karatasi ya hospitali.

Sasa sehemu ambayo somo la maadili litataka kuiruka.

Mwaka 1973 ikaamriwa kwamba kufikia mwisho wa 1976 watu wote vijijini waishi katika vijiji vya pamoja. Msukuma alikuwa na mji wake, ng'ombe wake karibu, shamba nyuma ya nyumba. Operesheni ya 1974 ilimtoa huko. Wako waliohama kwa hiari, na wako waliohamishwa kwa nguvu, nyumba zikabomolewa na nyingine zikatiwa moto wasirudi. Walipatiwa shule, kisima na zahanati karibu, jambo ambalo ni kweli na lisemwe. Wakawekwa mbali na mashamba na malisho yao, jambo ambalo nalo ni kweli. Mei 1976 vyama vya ushirika vikafutwa nchi nzima, kikiwamo chama cha ushirika cha Nyanza, mrithi wa kazi ile ya Bomani. Pamba ikawa ya mamlaka ya serikali. Mkulima akarudi kusimama mbele ya mizani asiyokuwa na mtu wake kando yake. Ushirika uliporudishwa katika miaka ya 1980 haukuwa tena na nguvu ya zamani.

Mwaka huohuo wa 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, vyombo vya usalama viliendesha msako dhidi ya mauaji ya vikongwe waliotuhumiwa uchawi. Mamia walikamatwa, wakateswa, na baadhi wakafia mikononi mwa dola. Habari zilipojulikana, Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani alijiuzulu ingawa si yeye aliyetoa amri ya kutesa. Jina lake Ali Hassan Mwinyi. Aliondoka pamoja na waziri mwenzake, Peter Siyovelwa, na wakuu wa mikoa hiyo miwili. Baadaye maofisa wakafikishwa mahakamani na wengine wakahukumiwa. Mwanafunzi anamjua Mwinyi kama Mzee Ruksa, rais wa pili. Haambiwi kwamba sababu mojawapo ya watu kumwamini mwaka 1985 ilianzia kwenye mahabusu za kanda hii, kwa waziri aliyekubali kubeba mzigo wa kosa la waliokuwa chini yake. Katika kisa hicho kimoja mna ubaya wa utawala ule na ubora wake, na mwalimu mwenye ujasiri angeweza kukifundisha kwa wiki nzima.

Wanaoogopa kwamba kufundisha hivyo ni kumvunjia Mwalimu heshima wamsome yeye. Mwaka 1977 aliandika tathmini ya miaka kumi ya Azimio na hakuficha kwamba nchi ilikuwa bado haijawa ya kijamaa wala ya kujitegemea. Mwaka 1984, alipoulizwa, alikiri kwamba angeanza upya asingefuta serikali za mitaa wala vyama vya ushirika. Sasa sisi tunaomheshimu tunamlindia makosa aliyoyataja mwenyewe hadharani.

Na jina tupu ni urithi dhaifu. Wako watoto wa Ukara, Ukerewe, ambao wakisikia Nyerere hukumbuka kwanza kivuko. MV Nyerere kilipinduka Septemba 20, 2018 kikitoka Bugolora, kikiwa kimejaza kupita kiasi, na zaidi ya watu 220 wakafa karibu kabisa na gati. Watoto hao wana haki ya kujua kwamba mtu mwenye jina hilo aliwahi kuamuru babu na bibi zao wafundishwe kusoma.

Aliyekuwa na miaka 20 Mwalimu alipopita Magu kwa miguu sasa anakaribia 80. Mwanafunzi wa kisomo wa 1970 aliyekuwa na miaka 30 amevuka 80. Walimu wa Historia ya Tanzania na Maadili wa Bunda, Magu, Ukerewe na Geita, kabla hamjakodi basi la Butiama, wapeni wanafunzi wenu daftari na maswali matatu: ulihamishwa wapi, ulijifunza kusoma kwa nani, na pamba yako ilipimwa na nani. Wawaamkie wazee wao kijijini, wakae, waandike, kisha walete majibu darasani yawekwe mezani pamoja na kitabu. Wazee hao wapo mwaka huu.