Ganda la risasi la 1914: Jinsi mabaki ya vita yanavyotafutwa kandoni mwa Ziwa Victoria

VITA Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilipozuka Agosti 1914, mpaka baina ya himaya ya Waingereza na ile ya Wajerumani katika Afrika Mashariki ulifika Ziwa Victoria kusini mwa Karungu. Kwa sababu hiyo nchi iliyo kati ya Karungu na Kisii iligeuka uwanja wa mapigano katika majuma ya mwanzo kabisa ya vita hivyo, na risasi zilizofyatuliwa siku hizo ni sehemu ya historia ambayo haijaandikwa yote.

Mtu anayeishi Sindo, mji wa ufukweni katika Kaunti ya Homa Bay, hana uwanja mkubwa wa vita mlangoni pake. Mapigano yaliyoandikwa yalitokea kusini, ng'ambo ya milima ya Gwassi, huko Karungu katika Kaunti ya Migori, na mashariki katika mji wa Kisii. Huko ndiko anakoweza kuelekea yeyote anayevutiwa na mabaki ya chuma na shaba ya wakati huo.

Mapigano yenyewe

Mnamo Septemba 1914 kikosi cha Wajerumani na askari wao Waafrika kilivuka mpaka na kuingia Kisii, mji ambao maofisa wa serikali ya kikoloni walikuwa wameuhama. Tarehe 12 mwezi huo askari wa KAR, ambao wenyeji waliwaita Keya, walikishambulia. Kiongozi wao, Kapteni Thorneycroft, aliuawa, na Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea mpakani.

Ziwani, meli ya Winifred, iliyokuwa ikibeba abiria na mizigo kabla ya kuwekewa mizinga, ilikabiliana na stima ya Kijerumani iliyoitwa Muansa karibu na Karungu. Winifred ililazimika kuondoka. Iliporejea pamoja na meli nyingine, Wajerumani walikuwa wamekwisha kwenda zao.

Wananchi nao hawakusalimika. Wakazi wa Kisii waliochukua mali wakati mji ulipokosa mtawala waliadhibiwa baadaye kwa kunyang'anywa ng'ombe. Wanaume wengi wa Nyanza walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi hadi vita vilipomalizika 1918.

Mashine inavyofanya kazi

Mashine ya kutambua vyuma ina duara la waya linalopitishwa juu ya ardhi. Umeme unaopita katika waya huo hutoa nguvu ya sumaku, na nguvu hiyo inapokutana na metali huamsha ndani yake mkondo mdogo wa umeme. Mashine hulitambua badiliko hilo na kulia. Fikra hiyo si mpya. Mnamo 1881 Alexander Graham Bell alijaribu kwa kifaa cha namna hiyo kuipata risasi iliyokuwa mwilini mwa Rais James Garfield wa Marekani, asifaulu.

Kitu chenye ukubwa wa sarafu kwa kawaida husikika kikiwa kwenye kina cha sentimita 20 hadi 30. Hata hivyo, milima ya Gwassi ni mabaki ya volkano ya kale iitwayo Kisingiri, na mawe ya volkano yana chembe za chuma zinazoweza kuihadaa mashine. Mtafutaji hana budi kuirekebisha kila udongo unapobadilika, la sivyo atachimba mawe kutwa nzima.

Ganda linavyozungumza

Wengi wa askari wa Wajerumani mwaka 1914 walikuwa bado na bunduki za Mauser za mwaka 1871, zenye risasi nene ya milimita 11 na baruti nyeusi iliyotoa moshi mwingi. Upande wa Waingereza ulitumia risasi nyembamba zaidi, ya milimita 7.7. Kwa hiyo ganda moja laweza kuonyesha lilitoka upande gani.

Lakini ganda lililokwisha kutiwa mfukoni limepoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Maganda 10 ya milimita 11 yaliyolala kwa mstari nyuma ya mwamba huonyesha mahali askari walipojificha na walikoelekeza bunduki. Yaleyale yakiwa ndani ya kopo nyumbani hayaonyeshi lolote isipokuwa kwamba vita vilikuwako.

Jambo hilo lilithibitishwa Marekani katika uwanja wa Little Bighorn, palipopiganwa 1876. Moto wa nyika ulipoteketeza majani mwaka 1983, wataalamu wa mambo ya kale waliwaalika watu wa kujitolea wenye mashine. Kila kilichogunduliwa kiliwekewa kibendera na kuandikwa kwenye ramani kabla ya kuondolewa. Kwa kulinganisha alama za pini ya bunduki katika maganda, waliweza kufuata nyendo za bunduki mojamoja, na masimulizi ya vita hivyo yakasahihishwa.

Kwa nini wawili

Ndiyo sababu kazi hii huwafaa watu wawili kuliko mmoja. Mmoja hupitisha mashine polepole kwa mistari iliyonyooka. Mwenzake huandika mahali, kina, na upande ambao kitu kimeelekea, kisha hupiga picha kabla ya kitu kuguswa. Wakibadilishana zamu, kila mmoja huwa mkaguzi wa mwenzake, na kishawishi cha kuficha kitu kizuri hupungua. Pakitokea ajali, yupo wa kuita msaada.

Hatari ipo. Kombora ambalo halikulipuka laweza kuua hata baada ya miaka 100. Likionekana haligusiki: mahali huwekewa alama, watu husogezwa mbali, na polisi huarifiwa. Risasi nzima pia si za kuokotwa, kwa kuwa sheria ya silaha ya Kenya inakataza kuwa nazo bila kibali.

Sheria na pengo lake

Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Urithi ya 2006 inataka anayetafuta vitu vya kale ardhini awe na leseni, na anayevigundua atoe taarifa kwa Makavazi ya Kitaifa ndani ya siku 7. Hata hivyo, sheria hiyo inatambua kuwa cha kale kile kifaa kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Ganda lililoingia na askari mwaka 1914 limechelewa kwa miaka 19. Hapo ndipo mabaki ya vita hivi yanapokosa ulinzi ulio wazi, isipokuwa mahali penyewe pametangazwa rasmi kuwa pa kuhifadhiwa.

Pengo hilo si ruhusa ya kuchimba. Mashine haijui mwaka, na mlio wa ganda la 1914 waweza kufanana na wa kitu cha kale zaidi. Katika Kaunti hiyohiyo ya Migori kuna Thimlich Ohinga, makazi ya kuta za mawe ambayo UNESCO iliyaingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Anayechimba bila leseni hajui atakachofukua mpaka awe amekwisha kukiharibu.

Kabla ya sheria kuna mwenye shamba. Mashamba mengi ya eneo hili ni ya jamaa, na makaburi ya wazee yamo ndani ya boma. Kuingia bila idhini, au kuchimba karibu na kaburi, ni kuwavunjia heshima waliolala hapo na walio hai. Mifupa ikionekana, kazi husimama papo hapo na chifu na polisi huarifiwa.

Kwa aliyekwisha kuokota ganda akilima, linalofaa ni kukumbuka shamba na sehemu lilipotoka, kuandika maelezo hayo pamoja na tarehe, na kuyapeleka pamoja na ganda kwenye makavazi. Makavazi ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, ni miongoni mwa yale yanayohudumia ukanda huu wa ziwa.