Reli Nairobi, Posta Kampala, Bandari Dar

Huenda unasoma gazeti hili ukiwa Busia, Namanga au Mutukula, na jirani yako wa ng'ambo ya mpaka naye analisoma hili hili. Kabla hujafika kwenye picha za sherehe, hebu tukumbushane habari ya wazee wetu waliowahi kugawana kazi katika nchi tatu, tena kazi nzito kuliko zetu.

Mambo yenyewe yalianza kabla ya uhuru. Mwaka 1948 reli ya Kenya na Uganda iliunganishwa na ile ya Tanganyika, ikawa shirika moja. Shilingi nayo ilikuwa moja mpaka 1966. Hata chuo kikuu kilikuwa kimoja, kuanzia 1963 hadi 1970: ukitaka udaktari unakwenda Makerere, sheria Dar es Salaam, uhandisi Nairobi. Utafiti ulitawanywa vilevile. Virusi Entebbe, samaki wa maji baridi Jinja, kilimo na misitu Muguga, viumbe wa bahari Zanzibar.

Shida ni kwamba mengi makubwa yalikaa Nairobi. Na ofisi zikikaa mahali pamoja, mishahara inaliwa hapo hapo na maduka yanastawi hapo hapo. Tanzania na Uganda wakanung'unika, na mimi naona walikuwa na haki. Ndipo tarehe 6 Juni 1967, kule Kampala, Nyerere, Kenyatta na Obote wakatia saini mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kazi zikagawanywa upya. Makao makuu ya Jumuiya yakaenda Arusha, posta na simu Kampala, bandari Dar es Salaam. Reli na ndege zikabaki Nairobi.

Benki ya Maendeleo nayo ikawekwa Kampala, na hapo kuna jambo nataka ulitazame vizuri. Mtaji nchi zote tatu zilichangia sawa. Lakini katika kila shilingi 100 za mikopo, Tanzania ilipangiwa 38.75, Uganda 38.75, Kenya 22.50. Yaani aliyekuwa mbele alikubali kwa maandishi kupokea kidogo. Jamani, hilo si rahisi hata kwenye kamati ya harusi!

Sasa angalia ulivyovunjika. Fedha za reli zilikusanywa vituoni katika nchi zote, kisha zilitakiwa zifike makao makuu Nairobi. Miaka ya 70 zikaanza kukwama njiani, maana kila upande uliona unatoa kingi na kupata kidogo. Tena, neno la mwisho lilikuwa la marais watatu pamoja. Januari 1971 Amin akampindua Obote, Nyerere akakataa kuketi naye, na kikao cha watatu hakikufanyika tena. Mawaziri na watumishi waliendelea miaka sita bila kikao cha wakubwa. Kwangu mimi hilo linashangaza kuliko kuvunjika kwenyewe.

Mwanzoni mwa 1977 ndege za pamoja zikaacha kuruka, Kenya ikaanzisha shirika lake. Februari Tanzania ikafunga mpaka. Kila nchi ikashika mali iliyokuwa ndani kwake. Kuhesabu na kugawana mali na madeni kulichukua mpaka Mei 1984, kwa usuluhishi wa Mswisi, Victor Umbricht. Miaka kumi ya kuishi pamoja, saba ya kugawana vyombo!

Walioumia zaidi hawakuwa wakubwa. Wastaafu wa Jumuiya upande wa Tanzania walikuwa bado wanadai haki zao mahakamani miaka ya 2000, na wenzao wengine walishazikwa.

Sisi tunaogawana kazi kuvuka mipaka, tuulizane basi tukiwa bado tunacheka pamoja: hazina anaitunza nani, hesabu anaziona nani, na mzee mmoja akisusa, kikao kinaendeleaje?

Si vyote vilivyokufa. Shule ya marubani ya Soroti ilibaki. Benki ile ya Kampala nayo, mwaka 1980 nchi zote tatu ziliipa mkataba wake yenyewe, mpaka kati ya Kenya na Tanzania ukiwa bado umefungwa. Jumuiya ilipofufuliwa kwa mkataba wa 30 Novemba 1999, iliikuta benki ikiendelea na kazi.