Upepo Hauna Mwenyewe, Njia Inaye

Fasihi ya Pwani imejaa upepo. Kaskazi ikivuma, kati ya Desemba na Machi, majahazi yalikuja Unguja kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi ikishika, yakarudi. Mshairi wa Pwani akitaka kusema juu ya bahati au mpenzi aliyeondoka, upepo uko karibu naye. Ukipanda hadi nyanda za juu za Kigoma, Kasulu na Kibondo, mambo hubadilika. Huku kinachobeba hadithi ni njia: nyembamba, inazunguka kilima, inashuka bondeni, inapanda tena.

Na tofauti yao si ya mandhari tu. Upepo hauna mwenyewe. Njia inaye.

Buha ilikuwa na falme zake, kila moja na mwami wake: Heru upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo. Msafara uliokatiza kusini mwa nchi hiyo kwenda Ujiji ulidaiwa hongo. Leo neno hilo ni rushwa. Enzi zile lilikuwa ushuru wa kupita, uliolipwa zaidi kwa vitambaa. Vitambaa vyenyewe vilifika Unguja kwa tanga, kisha vikapanda bara kwenye vichwa na mabega ya wapagazi. Kaskazi haikudai kitu. Mwenye njia alidai.

Novemba 1871 Henry Morton Stanley alipita Buha akimtafuta Livingstone. Alimlipa Mionvu, chifu wa Kimenyi, hongo kubwa, halafu mbele akaambiwa bado kuna machifu wengine. Akaona isiwe tabu: akatafuta mtu wa kumwonyesha njia, na usiku msafara ukatoka kimyakimya, ukaiacha njia kuu, ukajipenyeza porini mpaka nje ya Buha. Katika kitabu chake, How I Found Livingstone (1872), njia ile ya kupinda ni ushujaa, na wanaodai hongo ni wanyang'anyi. Ukikisoma London, moyo unadunda pamoja na wanaotoroka. Kisome ukiwa Kasulu: mgeni anakwepa ushuru.

Sisemi machifu wale walikuwa malaika. Nasema tu kwamba kalamu ilikuwa mkononi mwa mpita njia.

Abdulrazak Gurnah aliligusa jambo hili katika Paradise (1994), ambayo Ida Hadjivayanis ameitafsiri kwa jina la Peponi. Msafara wa Pwani unaingia bara, na chifu Chatu anauzuia na kutwaa mali. Ila Chatu hapigi kelele tu. Anayo madai dhidi ya wafanyabiashara, na msomaji analazimika kuyasikiliza. Hata hivyo, tunamwona kwa macho ya Yusuf, kijana aliyekuja na msafara.

Njia za Buha hazijafungwa. Mwaka 2015 maelfu ya Warundi walivuka mpaka, wengi wakapelekwa kambi za Nyarugusu, Kasulu, na Nduta, Kibondo. Kirundi na Kiha ni ndugu, wenyeji na wageni wanaelewana bila mkalimani. Lakini mkimbizi akitaka kutoka kambini anahitaji kibali. Njia ina mwenyewe mpya, na hongo yake ni karatasi.

Riwaya ya njia hiyo ikija kuandikwa, natamani iandikwe na aliyeipita kwa miguu, au na mama wa Kiha aliyesimama mlangoni akiwatazama wanapita.