Mashua Iliyobebwa Mabegani Hadi Bumbire

Ngenge ni kata ya Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, lakini si ya ufukweni. Mtu wa huko anayetaka kwenda Ziwa Victoria huanza na safari ya barabara. Ndiyo maana mashua ndogo ya tanga, ile inayokaa juu ya tela na kuvutwa na gari la kawaida, inamfaa kuliko chombo kingine chochote. Wiki nzima inalala uani chini ya migomba, Jumamosi inashushwa mwaloni, Jumapili jioni inarudi nyumbani. Wengi watasema hayo ni mambo mageni. Lakini mashua iliyosafirishwa nchi kavu kisha ikatwekwa tanga ziwani ilishafika kwenye visiwa vya Muleba mwaka 1875. Ilifika kwa shari.

Iliitwa Lady Alice. Mwandishi wa magazeti Henry Morton Stanley aliiagiza kwa fundi James Messenger wa Teddington, kando ya mto Thames, akitaka iwe na urefu wa futi 40 na iweze kufunguliwa vipande vipande. Ilipofika Zanzibar vipande vilionekana kuwa vizito mno, kila kimoja zaidi ya kilo 100, ikabidi seremala avigawe upya. Tarehe 17 Novemba 1874 msafara uliondoka Bagamoyo kuelekea bara.

Hapa ndipo historia inapowasahau wenyewe. Mashua ile haikufikishwa ziwani na Stanley. Ilifikishwa na wapagazi. Wabebaji wa vipande vyake walichaguliwa kwa nguvu zao, na Stanley mwenyewe aliandika kwamba walipata posho maradufu, ujira uliozidi hata wa viongozi wa msafara isipokuwa nahodha mkuu Manwa Sera, na ruhusa ya kusafiri na wake zao. Njaa na maradhi viliua wengi njiani. Mwishoni mwa Februari 1875 walifika Kageye, katika Magu ya leo, wakaunga vipande, na tarehe 8 Machi Lady Alice ikaingia majini ikiwa na mabaharia 11. Usukani ulikuwa mikononi mwa Wadi Safeni, ambaye kwa maoni yangu anastahili jina la barabara kuliko wengi waliopewa.

Walilizunguka ziwa lote, wakapita kwa Kabaka Mutesa wa Buganda, wakarudi kusini kwa kufuata ufuko wa magharibi. Tarehe 28 Aprili, wakiwa na njaa, walifika kisiwa cha Bumbire. Watu wa kisiwa waliikokota mashua hadi nchi kavu na waliomo ndani, wakachukua makasia. Waliokuwemo waliisukuma tena majini, Stanley akafyatua bunduki, na wakang'oa mbao za sakafu ya mashua kupigia kasia. Simulizi hiyo tunayo kutoka upande mmoja tu. Mzee wa Bumbire aliyeona chombo kisichojulikana, chenye watu wenye silaha, kikija, hakuulizwa na Stanley alikuwa akilinda nini. Tarehe 4 Agosti Stanley alirudi na kundi la mitumbwi na kuwapiga risasi watu waliosimama ufukweni. Kwa hesabu yake mwenyewe waliokufa ni makumi. Hata Uingereza wapo waliokasirishwa. Kitendo kile hakina utetezi.

Miaka miwili baadaye wamisionari wa Kianglikana walileta mashua yao, Daisy, nayo kwa vichwa vya wapagazi. Mwaka 1878 dhoruba iliivunja kwenye ufuko wa magharibi ikiwa na Alexander Mackay na mwenzake Wilson. Walikata futi nane za katikati, wakaunganisha omo na tezi, wakatumia mbao za katikati kuziba matundu. Kazi ilichukua wiki nane, na mashua ikafika Buganda. Baada ya hapo zikaja meli za vipande: William Mackinnon ilishushwa Kisumu mwaka 1900, na ile inayoitwa Liemba leo ikashushwa Kigoma, Ziwa Tanganyika, mwaka 1915. Vyombo vikakua, na mtu wa kawaida akabaki kuwa abiria.

Mashua ya tanga ya mtu wa kipato cha kawaida ilipata nafasi mwaka 1963, huko Uingereza. Gazeti la Daily Mirror lilidhamini mashua iliyobuniwa na Jack Holt pamoja na Barry Bucknell, fundi aliyefahamika kwenye televisheni. Ina urefu wa chini kidogo ya futi 11, iliuzwa kama vipande vya plaiwudi kwa pauni 63 na shilingi 11, na mnunuzi aliiunda mwenyewe nyumbani. Zaidi ya 70,000 zimeundwa. Plaiwudi ile haikupigiliwa misumari kwenye mbavu. Ilishonwa kwa waya wa shaba, kisha mishono ikazibwa kwa gundi na utepe wa faiba.

Ufundi wa kushona mbao tulikuwa nao. Mitumbwi mikubwa ya Sese, iliyolitawala ziwa hili kabla ya meli, ilishonwa kwa nyuzi za mimea. Pwani, mtepe ulishonwa kwa kamba za nazi. Fundi wa mitumbwi wa Kemondo akipewa plaiwudi ya majini, gundi na mchoro, hana haja ya kufundishwa na mgeni.

Kinachotuzuia zaidi ni hofu, nayo ina sababu. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu, na Kagera bado ina makaburi na majina. Ziwa hili hukusanya radi na dhoruba usiku hadi alfajiri, na mchana upepo huvuma kutoka majini kuelekea nchi kavu. Mwenye mashua ndogo asafiri mchana, asiiache pwani ipotee machoni, na kila mtu avae jaketi la kuokolea tangu mwaloni. Ajihadhari na kichocho kwenye maji ya matete. Na aulize TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, masharti ya chombo chake kabla ya kukishusha.

Halmashauri za Muleba na Bukoba zijenge sehemu moja au mbili za kushushia mashua kutoka kwenye tela, kando ya mialo ya wavuvi na kwa kukubaliana nao. Vyuo vya ufundi viwape vijana mchoro na plaiwudi. Nawe msomaji wa Ngenge mwenye pikapu na watoto wanaolijua ziwa kwa kulipita barabarani, mwendee fundi wa mitumbwi uliye naye karibu, umuulize bei.